Gugu la Wifi Chini ya Dirisha Langu

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kuanzia leo ni la ushahidi.

Kiwanja kilicho kati ya jengo letu na ukuta wa barabara kimepata wenyewe. Miaka yote hakikuwa na mtu wa kukijali, watu wakianika nguo na kutupa makopo. Leo wamekuja na majembe, glavu na kofia za kujikinga na jua ambalo halipo, wakajitangaza kuwa ni Kikundi cha Bustani ya Asili. Wanafanya kazi ya kujitolea, wanasema, kana kwamba kuna mtu aliyewaomba. Mwenyekiti wao ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mwanamke huyu nyumbani kwake hata mnanaa wa kwenye kopo ulimfia.

Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akahutubia. Humu itaota mimea ya asili tu, ile iliyokuwapo kabla ya majengo, ili nyuki, ndege na vipepeo warudi. Kila mmea wa kigeni utang'olewa kabla ya mvua kwisha.

Nilichungulia dirishani, mkasi mkononi. Humo kiwanjani ua la maana ni moja tu, nalo ni waridi la mama, upande wa kulia wa dirisha letu. Lilipandwa tulipohamia hapa, mimi sijaanza hata shule. Mama sasa hatoki. Miguu imegoma, maneno yamepungua, siku nzima anakaa kwenye kiti chake karibu na cherehani yangu akitazama nje. Anatazama waridi lake. Hicho ndicho alichobakiwa nacho, na mimi nipo hai, hakuna atakayekigusa.

Nikamwita. "Wifi, na waridi la mama je?"

"Wifi yangu, sheria ni ya wote."

"Wewe na sheria mmejuana lini?"

Akacheka kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Alisikia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Zipu mbili na pindo moja. Wifi kapita na toroli bila kunisalimia. Na mimi sikumsalimia, tena nikahakikisha ameona.

Jumamosi, 8 Machi

Wamepanda. Kiwanja kizima wanainama na kuinuka kwenye matope, wazee kwa vijana, nusu yao hawajui kutofautisha mchicha na majani ya kulishia kuku. Naibu wa wifi ni dereva wa basi aliyestaafu, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa jembe. Wengine siwajui na sitaki kuwajua.

Wifi mwenyewe kapiga magoti chini ya dirisha langu, upande wa kushoto, akapanda kitu chenye shina la manyoya na majani yaliyofifia. Nikamuuliza ni nini. Akataja jina refu kama la dawa ya hospitali.

"Maua yake yakoje?"

"Madogo. Hayaonekani sana."

"Basi kazi yake nini?"

"Kuliwa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Kuna viwavi wa vipepeo wa hapa, anasema, ambao hawali jani jingine ila hilo, na likikosekana wanakufa. Kwa hiyo likitobolewa na kutafunwa likabaki mbavu tupu, yeye atafurahi.

"Yaani waridi la mama ling'olewe, lipandwe jani la kulishia wadudu."

"Ndiyo, wifi. Leo umeelewa haraka."

"Kiwanja chote hiki, ukaona ulipande puani kwangu?"

Akainua macho dirishani, kwa mama, halafu akayarudisha kwenye udongo. "Hapa pana kivuli kizuri."

Kivuli! Nilifunga dirisha kwa kishindo mpaka mama akashtuka, nikaanza kuomba radhi mimi, wakati mkosaji yuko nje anapiga mluzi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua mfululizo. Suruali za shule, suruali za shule, suruali za shule.

Kila asubuhi namweka mama upande wa kulia wa dirisha alione waridi vizuri. Kila nikirudi kutoka jikoni nakuta amejiburuta na kiti chake mpaka kushoto. Nadhani mwanga unamuumiza macho. Namrudisha.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimeaibishwa kazini kwangu mwenyewe.

Mteja amekuja kujaribu gauni jeupe, la hariri, ambalo nimelishona kwa mkono kifuani pote. Anajigeuza mbele ya kioo, anajisifu, mara akapiga ukelele kama aliyeguswa na moto. Kiwavi. Mnene, mweusi, ana mistari ya njano, anatembea taratibu begani utadhani naye amekuja kupimwa. Mteja alivua gauni akiruka, mshono wa ubavuni ukaachia.

Nilimpeleka kiwavi nje kwenye kipande cha karatasi nikamtafuta wifi. Nilimkuta anamwagilia, katikati ya msimu wa mvua, mwenye akili zake.

"Mzigo wako huu. Umeniharibia kazi."

Akatoa macho. "Umemuumiza?"

Hakuuliza habari za gauni wala za mteja. Akampokea kwa mikono miwili, akamrudisha kwenye lile gugu, ambalo sasa limetafunwa mpaka linatia huruma. Viwavi wamejaa humo. Nikamwambia wazi kwamba nikipata chupa ya dawa ya wadudu, hakuna atakayebaki. Akanijibu kwa upole ule wake wa kunichoma: "Huwezi, wifi. Mama anaangalia."

Sikuelewa alikuwa na maana gani. Kujitia wema tu.

Jumapili, 30 Machi

Kaka na mkewe wamekuja kula mchana. Kaka alikula akitazama sahani, kama kawaida yake tunapokuwa wote wawili mezani.

Nilipokwenda kuosha vyombo nilisikia kicheko sebuleni. Cha mama. Nilirudi na mikono ina povu. Wifi amevuta kigoda karibu na kiti cha mama, upande ule ule wa kushoto, vichwa vyao vimekaribiana dirishani.

"Mnacheka nini?"

"Mambo yetu," akasema wifi.

Mambo yao! Ninamwogesha mimi. Ninamlisha mimi, ninamgeuza kitandani mimi, ninajua kila dawa yake na rangi yake. Huyu anakuja Jumapili na viatu vyenye tope, anapewa kicheko. Nimeona wivu na sina haya ya kuuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Wifi kabisha hodi. Nikajua ana shida, maana kwa kawaida haingii kwa hodi.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa ni siku ya kung'oa. Watakuja watu wengi wa kujitolea ambao hawajui mmea upi ni upi, kwa hiyo kikundi kimepanga kufunga alama: kitambaa chekundu kwa mmea wa kung'olewa, cheupe kwa wa kuachwa. Sasa anaomba vipande vya nguo vinavyobaki kwenye cherehani yangu.

Niliangalia waridi, nikamwangalia yeye. Kuja kwangu kuniomba kamba ya kumnyongea mama! Nilitaka kumfungulia mlango na kumwonyesha njia. Kisha nikakumbuka ule mzigo wa kitambaa chekundu ulio chini ya meza, niliouziwa na tapeli, kinachochuja ukikitemea mate tu. Nilishaapa kutokishona kwa mtu yeyote.

"Chukua vyote, wifi," nikasema. "Nimekuwekea na vyeupe."

Akaniangalia kwa mashaka. Lakini bure ni bure.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamefunga. Waridi la mama lina utepe mwekundu shingoni. Gugu la wifi lina mweupe. Nimeshona siku nzima nikiuma meno.

Mama kajiburuta kushoto. Nimemrudisha kulia. Kajiburuta tena. Nikamwambia, "Mama, nitakulindia ua lako, usiogope." Akaanza kujiburuta tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya kuezua mabati. Nimelala usingizi mzuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Wifi kasimama mlangoni, ameloa, mkononi ana kitambaa chenye rangi ya ufizi.

"Kitambaa gani hiki?"

"Cha bure."

Kumbe kazi imekuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Vyekundu vimechuja vikawa vyeupe-vyeupe, na vyeupe vilivyofungwa jirani navyo vikanywa rangi iliyotiririka. Kiwanja kizima sasa kina alama moja. Hakuna anayejua nani abaki na nani aondoke.

"Ulijua," akasema.

"Mimi ni fundi wa nguo, wifi. Magugu ni fani yako."

Alinikata jicho refu. Akarudi kiwanjani kwenye mvua, peke yake, kuanza upya. Nilimwona mpaka giza likaingia. Nilifurahi, kisha nikapunguza kufurahi kidogo, kisha nikapiga pasi.

Jumatano, 16 Aprili

Kaka kanipigia simu. Wifi ana homa, hawezi kuinuka. Nikasema pole. Ilitoka kavu, lakini ilitoka.

Viwavi wametoweka kwenye gugu. Vimebaki vitu vya kijani vinavyoning'inia chini ya majani kama vifungo vya koti. Afadhali.

Ijumaa, 18 Aprili

Dereva amekuja, kofia mkononi. Mwenyekiti anaumwa, alama alizozirudia ni chache, kesho watu wanafika, na yeye kwenye mimea hajiamini.

"Nimeona nije kwako, fundi. Wewe ndiye unayekaa dirishani. Tangu mwanzo unaona kipi kilifungwa nini. Naomba utusaidie kumalizia."

Masikini, hakuwa na ubaya wowote usoni. Ni mtu ambaye maisha yake yote abiria walimwambia wanashuka wapi, naye akawaamini.

"Nakumbuka vyote," nikamwambia.

Nikachukua kitambaa chekundu kizuri, kile cha bitana ambacho hakichuji, na cheupe. Nikazunguka kiwanja chote, na sehemu kubwa nilifunga sawasawa, Mungu ni shahidi. Nilipofika chini ya dirisha langu nikafunga cheupe kwenye waridi. Na kwenye gugu la wifi nikafunga chekundu, fundo la mshona nguo ambalo halifunguki.

Jumamosi, 19 Aprili

Wameng'oa. Mama nilimwacha kitandani siku nzima nikasema ni baridi. Sikutaka aone watu na majembe karibu na ua lake akapata wasiwasi.

Msichana mmoja wa shule na mama yake ndio waliofika chini ya dirisha langu. Msichana akasoma alama, akashika gugu kwa mikono miwili, likatoka mara moja na mizizi yake, likatupwa kwenye lundo karibu na geti. Walipolifikia waridi wakasema, "Hili linabaki," wakalipalilia vizuri kabisa. Niliwapelekea maji ya kunywa. Dereva kanishukuru mara kadhaa.

Nilikaa kwenye cherehani nikaimba. Wifi atapona, atakuja, ataona. Sina la kujutia.

Jumapili, 20 Aprili

Asubuhi nilimbeba mama nikamweka kulia. Waridi limechanua, matone ya mvua yako juu yake, hata mimi nisiyependa sifa nililisifu. "Haya mama, tazama."

Alitazama kushoto. Akanyoosha shingo, akashika ukingo wa dirisha, akatazama tena pale penye shimo.

"Wako wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Walikuwa wamejifungia." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini maneno yalitoka kamili, moja baada ya jingine, kama ambavyo hayajatoka tangu mwaka jana. "Nimewaona tangu wadogo. Walikuwa karibu kutoka."

Nikaona kila kitu kwa pamoja: kile kiti na upande wa kushoto, kicheko cha Jumapili ile, "mama anaangalia".

"Lakini waridi lako lipo, mama. Nimekulindia."

"Hilo la baba yako," akasema. "Mimi lilinichana nguo tu nikianika. Tena linanizibia."

Akageuza uso kutoka dirishani, akafumba macho. Alivyokaa hivyo ilikuwa vibaya kuliko kama angenitukana.

Nilitoka bila mwavuli. Lundo liko karibu na geti, refu kunipita, lori la taka linakuja kesho. Nikaanza kuvuta mashina, moja moja, natafuta chekundu changu. Nilikuwa nalia na kutukana kwa zamu. Kuna mtu akasimama nyuma yangu. Wifi, amejifunika shuka juu ya koti, macho mekundu ya homa.

"Kaka yako amelala," akasema. "Nimetoroka nije nione. Dereva kanieleza nani alimalizia kufunga."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Hakuna mwingine kwenye mtaa huu anayefunga fundo la roho mbaya namna ile."

Nikaendelea kuvuta. Naye akavua shuka, akaanza kuvuta upande wa pili.

"Mama ndiye aliyeniomba," akasema baadaye, hakunitazama. "Aliniambia utotoni kwao viwavi hao walikuwepo uani, na alikuwa anawangojea watoke. Akaniomba nimpandie pale anapokaa. Nikampandia."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Wewe ulishaamua anapenda nini. Mtu akuambie saa ngapi?"

Ningempiga. Kweli ningempiga, kama nisingekuwa nimeshika, wakati ule ule, shina lenye manyoya na fundo langu jekundu. Limepondeka. Vile vifungo vya kijani vingi vimepasuka, vimebaki maji. Nikageuza majani yote. Kwenye ncha, chini ya jani la mwisho, kimoja kizima.

"Usikiguse na hivyo vidole vyako!"

"Vidole hivi ndivyo vilivyokushonea gauni la harusi."

"Na lilinibana."

Akakata ncha ile kwa mkasi wake, akanipa niibebe ndani ya kiganja, yeye akitembea mbele kunifungulia milango. Nilifunga kijiti kwenye nondo za dirisha kwa uzi mweupe, upande wa kushoto, kinaning'inia kama alivyonielekeza. Alinisahihisha kila hatua, na kila hatua nilimsonya. Mama alifumbua jicho moja.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna kitu. Mama anatazama. Sijamsogeza.

Alhamisi, 24 Aprili

Kimekuwa cheusi. Nilimpigia wifi. Anasema kikiwa cheusi aidha kinatoka au kimekufa, haiwezekani kujua. Nikamwambia mwenyekiti mzima hajui. Akanikatia simu.

Nimeomba. Sijaomba kwa ajili ya mdudu maisha yangu yote.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Hakuna kitu. Mama amekataa kula mpaka nikamlishia pale pale dirishani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikuwa jikoni. Naandika tena: nilikuwa jikoni, nakoroga uji, baada ya kukaa pale juma zima. Nikasikia wifi akipiga kelele kutoka kiwanjani, "Mama! Mama, unaona?" nikakimbia na mwiko. Nilikuta ganda tupu, jembamba kama ngozi ya kitunguu, na mama amelowa machozi mpaka kidevuni. Nje, wifi ameshikilia nondo zetu kwa mikono ya matope, anacheka na mkwewe.

"Alikuwa na mabawa ya njano," mama akaniambia. "Yalikuwa yamekunjamana. Akayakausha."

Wifi aliona. Mimi sikuona. Nitabaki na hilo.

Sikumwomba msamaha. Nilimuuliza kama ana mche mwingine wa lile gugu. Akasema anao, lakini pale pa zamani hapafai tena, waridi limeshaanza kutawanya matawi, litaufunika.

Jumapili, 27 Aprili

Kumekucha bila mvua. Nilikata kipande kirefu cha kitambaa chekundu, kile cha bitana ambacho hakichuji, nikatoka nje na ndala. Nikalifunga waridi katikati ya shina. Miba ilinichana mkono wote, kama ilivyomchania mama nguo miaka yote hiyo nami nikidhani anafurahi. Nikafunga fundo langu, nikaongeza la pili.

Wifi alikuwa anapita na toroli. Akasimama, akaangalia fundo, akaniangalia. Hakunisalimia.

"Lete jembe," nikamwambia.

Nilipogeuka dirishani mama alikuwa kwenye kiti chake, amejiburuta mpaka kulia kabisa, ambako hajawahi kwenda kwa hiari yake. Alikuwa ananitazama mimi.